Barua za Adams na Jefferson

Tarehe 1 Januari 1812, huko Quincy katika jimbo la Massachusetts, mzee wa miaka 76 alishika kalamu kumwandikia mtu aliyenuniana naye tangu mwaka 1801. Mzee huyo, msikilizaji, ni John Adams, Rais wa pili wa Marekani. Anayeandikiwa ni Thomas Jefferson, Rais wa tatu, aliyestaafia Monticello, shambani kwake Virginia. Barua ilikuwa fupi. Adams alimtakia heri ya mwaka mpya, akamwarifu kwamba anamtumia vipande viwili vya kitambaa kilichofumwa nyumbani, kwa kuwa anamjua kuwa mpenzi wa bidhaa za nchini.

Barua ilitangulia, kifurushi kikachelewa. Jefferson akadhani ni kitambaa kweli, na katika jibu lake la 21 Januari akaeleza kinagaubaga jinsi kaya za Virginia zinavyosokota nyuzi na kujifumia nguo zao. Kifurushi kilipofika, ndani mlikuwa na vitabu: juzuu mbili za mihadhara ya balagha, kazi ya John Quincy Adams, mwana wa mzee. Adams alikuwa amemtania. Lakini katika jibu lilelile Jefferson alikumbusha pia siku walizohangaika pamoja kuitafutia nchi uhuru, na hapo mlango ukafunguka.

Urafiki wao ulianza Philadelphia mwaka 1775. Mwaka uliofuata wote wawili walikuwa katika kamati ya watu watano iliyoandaa Tangazo la Uhuru. Siasa za vyama ndizo zilizowagombanisha. Mwaka 1796 Adams alimshinda Jefferson kwa kura 71 dhidi ya 68 za wajumbe wa uchaguzi, na kwa katiba ya wakati ule aliyeshindwa akawa Makamu wake. Mwaka 1800 kibao kiligeuka. Siku za mwisho madarakani Adams aliteua majaji wa upande wake, jambo lililomuudhi sana Jefferson. Alfajiri ya 4 Machi 1801, siku ya kuapishwa kwa mshindi, Adams aliondoka Washington bila kumngoja.

Aliyewapatanisha ni daktari wa Philadelphia, Benjamin Rush, mmoja wa waliotia saini Tangazo la Uhuru. Oktoba 1809 alimwandikia Adams kuhusu ndoto yake: kwamba amesoma katika kitabu cha historia jinsi marais hawa wawili walivyorudiana kwa njia ya barua, kisha wakafariki karibu wakati mmoja. Adams alijibu kwamba ndoto hiyo si historia, ila huenda ikawa utabiri. Rush hakukata tamaa. Mwaka 1811 majirani wa Jefferson walimtembelea Adams na kumsikia akisema kwamba amempenda Jefferson siku zote na bado anampenda. Habari zilipofika Monticello, Jefferson alimwandikia Rush kwamba hayo yanamtosha. Rush naye akampelekea Adams maneno hayo. Mpatanishi wa namna hiyo, anayesubiri miaka bila kutafuta sifa, anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa.

Tangu hapo ziliandikwa barua 158, Adams 109 na Jefferson 49, hadi mwaka 1826, walipofariki siku moja, tarehe 4 Julai, Tangazo la Uhuru likitimiza miaka 50. Jefferson alitumia kifaa cha kalamu mbili zilizounganishwa kwa vijiti: akiandika kwa moja, ya pili inatoa nakala. Adams mikono ilikuwa ikimtetemeka, na miaka ya mwisho wanafamilia walimwandikia yeye akitamka. Mwaka 1813 alimwambia mwenzake kwamba haifai wafe kabla ya kuelezana. Wakaelezana kweli: juu ya dini, juu ya mapinduzi ya Ufaransa, juu ya nani anastahili kuongoza. Jefferson aliamini wananchi wakiachwa wachague, watawachagua wenye maadili na vipaji. Adams aliona mali na ukoo vitapenya tu.

Penye utumwa, barua hizi zinasikitisha. Jefferson katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Adams hakumiliki hata mmoja. Mwaka 1821, baada ya mzozo juu ya kuruhusu utumwa katika jimbo la Missouri, Adams aliufananisha utumwa na wingu jeusi lililotanda juu ya nchi kwa nusu karne, kisha akasema jambo hilo aliwaachia watu wa kusini. Mtu aliyebishana na Jefferson juu ya kila kitu hakumbana hapo, penye haja kubwa kuliko zote.

Mtihani wa urafiki ulikuja mwaka 1823, zilipochapishwa barua za zamani ambamo Adams alimshambulia Jefferson vikali. Jefferson, mwenye miaka 80, alimwandikia: hatakubali maneno ya enzi za ugomvi yavuruge mapenzi ya uzeeni. Barua hiyo ilisomwa kwa sauti mezani kwa Adams wakati wa kifungua kinywa, na familia nzima ikasema haijapata kuandikwa barua nzuri kama ile. Adams alimjibu Jefferson kwamba ndiyo aliyoitarajia, ila imeandikwa vizuri kupita alivyowazia.