Nyatiti, Matanga na Uhuru: Nafasi ya Muziki katika Mapambano ya Amani Kando ya Ziwa Viktoria



1. Utangulizi

Historia ya uhuru wa Kenya husimuliwa sana kwa habari za msitu na bunduki. Ni haki isimuliwe hivyo, kwa kuwa walioingia Nyandarua na Mlima Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 walilipa kwa damu yao. Nyanza ilishika njia nyingine: mikutano, hati za malalamiko, vyama vya akiba, magazeti na kura. Mada hii inauliza muziki ulikuwa na kazi gani katika njia hiyo. Hoja yangu ni kwamba muziki uliwazoesha watu mambo matatu ambayo mapambano ya amani hayawezi kwenda bila hayo: kukusanyika, kusema hadharani kwa zamu, na kutoa mali kwa ajili ya jambo la wote.

2. Mapambano yenyewe

Mwishoni mwa mwaka 1921 umati ulikutana Lundha, Gem, na kuunda Young Kavirondo Association, chama ambacho wananchi walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Jonathan Okwiri na wenzake walilalamikia kodi, kipande, kazi za shuruti na nchi kugeuzwa koloni mwaka 1920. Mwaka 1922 Gavana Edward Northey alilazimika kuja kukutana nao.

Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga aliongoza kuanzishwa kwa Luo Thrift and Trading Corporation, akatembea huku na huko kuwashawishi watu wanunue hisa. Kampuni hiyo ndiyo iliyojenga Ramogi House hapa Kisumu. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na Juni 1958 akatamka ndani ya baraza hilo kwamba Kenyatta na wenzake waliokuwa kifungoni ndio waliobaki viongozi wa watu.

Kazi ya namna hii hutaka watu waliozoea kuaminiana. Mazoea hayo yalikuwapo katika uwanja wa muziki kabla chama chochote hakijasajiliwa.

3. Nyatiti kama shule ya uraia

Nyatiti, ala ya Wajaluo, ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini, akavaa njuga za gara mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akawa anaigonga kwenye fremu ya ala huku akiimba. Mtu mmoja ni bendi nzima. Hahitaji ukumbi, na huitwa palipo na watu: harusini, kwenye pombe, na hasa matangani.

Hapo ndipo penye uzito. Mkutano wa siasa ulihitaji kibali cha serikali. Matanga yalikuwa haki ya marehemu na ukoo wake. Watu walitoka Alego, Sakwa, Asembo na Nyakach wakaketi pamoja, na mwimbaji alipomlilia marehemu aliwataja walio hai pia: nani ni mkarimu, nani amewasahau watu wake.

Katikati ya muziki huja pakruok. Msikilizaji husimama, akatoa fedha, akamsimamisha mpigaji, kisha akajisifu, akausifu ukoo wake na marafiki zake. Akimaliza, nyuzi huendelea mpaka mwingine asimame. Tazameni sheria zilizomo: anayesema hakatizwi, anayetaka kusema hutoa kwanza, ushindani wa koo huishia kwenye ulimi, haufiki kwenye rungu. Naamini mtu aliyelelewa katika utaratibu huo hakuona ugeni alipoombwa kusimama mbele ya watu, kusema neno lake na kununua hisa.

4. Ushahidi kutoka kwa majirani

Nguvu hii haikuwa ya ziwa peke yake. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku Muthirigu, wimbo wa Wagikuyu wa kuwapinga wamisheni na machifu. Miaka ya hamsini mwanzoni, nyimbo za ukombozi ziliimbwa kwa mahadhi ya nyimbo za kanisani, na mgeni asiyejua lugha alidhani anasikia ibada. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kabla ya kuongoza wanawake wa TANU kuanzia 1955. Katika kazi hiyo alianzia kwa vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango na nidhamu. Mbali zaidi, huko Estonia, mwaka 1988 umati mkubwa ulikutana kuimba katika uwanja wa tamasha la nyimbo jijini Tallinn, na nchi ikarejesha uhuru wake mwaka 1991.

5. Mipaka

Tusiupe muziki sifa isiyo yake. Sifa za nyatiti hulipiwa, na chifu wa mkoloni naye alikuwa na fedha. Wimbo bila chama, gazeti na kura haumwondoi gavana. Lakini tabia ya kumtaja mkubwa hadharani haikufa mwaka 1963. Ilihamia kwenye gita la benga, na Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja chini ya serikali huru kwa nyimbo zake.

6. Mapendekezo

Kwanza, nyimbo za matanga na za mikutano ya kabla ya 1963 zirekodiwe sasa, wangali hai wanaozikumbuka. Chuo Kikuu cha Maseno na Jumba la Makumbusho la Kisumu vishirikiane. Pili, vijana wafundishwe pakruok pamoja na adabu zake, si upigaji wa nyuzi tu. Tatu, utafiti wa Washington Omondi kuhusu nyatiti ufikishwe shuleni kwa Dholuo na Kiswahili. Yeye alikuwa mmoja wa wanamuziki watano waliotayarisha wimbo wetu wa taifa kutokana na bembelezo la Wapokomo.

Kisumu imezika vijana wengi baada ya chaguzi zetu. Mji huu una urithi wa kushindana bila kuuana, na urithi huo unafundishika. Naomba semina hii iamue nani ataanza kuufundisha, na lini.