Kusoma na Kuandika Kiingereza katika Shule Zetu za Sekondari

Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri ilipotuomba sisi walimu wanne, wawili tuliostaafu na wawili tulio kazini bado, tuseme juu ya maendeleo ya watoto wanaolipiwa karo na Chama, tulidhani kazi itakuwa nyepesi. Tungetaja shule, tungetaja alama, tukawashukuru waliochanga, basi. Lakini tulipowaita watoto wenyewe wakati wa likizo na kuketi nao, tuliona jambo ambalo haifai kulifunika kwa shukrani, nasi twaomba ruhusa ya wazee tuliseme wazi. Wengi wa watoto wetu walio katika sekondari hawasomi Kiingereza, wanakitamka tu.

Wako hapa wanaoyajua yaliyompata mzee mmoja mwenzetu, naye ameturuhusu tuyaeleze pasipo kumtaja jina. Alipokea barua ya Kiingereza juu ya mirathi ya shamba la marehemu ndugu yake. Akamwita mjukuu wake wa Kidato cha Tatu, akamketisha barazani. Kijana alisoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, hata majirani wakasimama njiani kusikiliza. Alipoulizwa maana yake akajibu, "Babu, wanasema mambo ya shamba yanaendelea." Kumbe barua ilisema kwamba aliye na pingamizi ailete katika muda wa siku 30. Siku zikapita. Mpaka leo mzee analipa wakili kwa jambo ambalo lingalizuiwa kwa karatasi moja.

Kijana yule hakudanganya. Aliona maneno mawili matatu aliyoyajua, na mengine akayajaza kwa kubahatisha, kama alivyozoea kufanya darasani. Nasi twasema kwamba kosa hili si lake peke yake. Sisi tuliomfundisha tumo, na ninyi mliomsifu kwa sauti yake mmo pia.

Tukumbuke kidogo tulikotoka. Wamisheni walipofika Nyabururu na Nyanchwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, jambo la kwanza walilofungua pamoja na kanisa lilikuwa darasa. Katika nchi za kandokando ya ziwa hata mtu aliyeshika dini mpya aliitwa msomaji: Waganda walisema abasomi, Wajaluo wakasema josomo. Mwaka 1934 Shule ya Serikali ya Waafrika ya Kisii, ile tunayoiita leo Kisii School, ilifunguliwa, na baba zetu wakauza ng'ombe ili watoto waingie. Wakati huo Kiingereza kilikuja polepole, juu ya msingi wa lugha ambayo mtoto alikuwa amekwisha kuisoma. Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde katika taarifa yake ya mwaka 1964 ilipendekeza kwamba Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Hatusemi kwamba Tume ilikosea. Nchi ilikuwa na haraka, na wazazi wenyewe ndio waliokitaka. Lakini mtoto wa Nyansiongo au wa Tabaka aliyeanza kusoma lugha asiyoisikia nyumbani alijifunza mapema kwamba kusoma ni kutoa sauti, na kwamba maana ni jambo la mwalimu.

Tabia hiyo hufuatana naye mpaka sekondari. Hapo zamani mtihani wa darasa la saba au la nane uliwazuia wengi mlangoni, kwa hiyo mwalimu wa sekondari aliwapokea wale waliokwisha kujua kusoma. Tangu mwaka 2018 Serikali ilikaza kwamba kila mtoto amalizaye msingi aingie sekondari, nasi twaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, kwa maana watoto wa maskini walikuwa wakibaki kuchuma majani ya chai. Mwaka ule ule vitabu vya kiada vikaanza kuletwa moja kwa moja shuleni na Serikali. Vitabu vikaja, watoto wakaja, ila hakuna aliyemwambia mwalimu wa Kidato cha Kwanza afanye nini na mtoto asiyeweza kusoma kile kitabu alichopewa. Mwalimu wa sekondari hakufundishwa kufundisha kusoma. Alifundishwa kuchambua riwaya.

Sasa yafaa tuonyeshe ugumu wenyewe ulipo, kwa kuwa wazazi wengi hudhani kwamba dawa ni sarufi na adhabu.

Ekegusii chetu hakina sauti ya L, kina R. Kwa hiyo mmoja wa watoto wetu alituandikia, "We pray football every evening." Tulicheka, naye akacheka alipoelezwa kwamba ameufanya mpira kuwa dini (na huenda hakuwa mbali na kweli). Tena, katika Ekegusii, kama katika Kiswahili, hatumtengi mwanamume na mwanamke kwa kiwakilishi; Kiingereza huwatenga. Ndiyo sababu mtoto mwerevu huandika juu ya mama yake kwa neno "he". Makosa ya namna hii huonekana upesi kwa wino mwekundu, na kwa sababu yanaonekana upesi, ndiyo tuyapigiayo kelele. Lakini hayamzuii mtu kuelewa barua ya shamba. Lile lizuialo halionekani kwa macho: mtoto amefika mwisho wa sentensi, na mwanzo wake umekwisha kumtoka kichwani, kwa kuwa nguvu zake zote zimekwisha katika kutamka neno moja moja.

Tazameni pia jinsi mtihani wa KCSE wa Kiingereza unavyogawanywa. Jumla ni alama 200 katika karatasi tatu: ya kwanza 60, ya pili 80, ya tatu 60. Sarufi ambayo tunaikazania usiku na mchana ina alama 15 katika karatasi ya pili. Ufahamu una 20, dondoo la kitabu 25, ushairi 20. Katika karatasi ya tatu, insha juu ya vitabu vilivyoteuliwa zina alama 40. Basi mtoto asiyeweza kusoma ukurasa akaushika maana yake, hata akijua sarufi yote, amekwisha kuanguka kabla ya kuanza. Tumeona wanafunzi wakiulizwa kufupisha habari kwa maneno machache, nao wakainakili sentensi ya kwanza, ya tatu na ya mwisho, wakidhani wamefupisha.

Kuandika nako kuna ugonjwa wake. Watoto wetu wamekariri insha. Wanazo sentensi za mapambo juu ya jua linalochomoza na moyo unaodunda, wanazozibandika juu ya kila swali, liwe juu ya harusi au juu ya moto. Hatuwalaumu sana walimu. Hebu tuhesabu pamoja: darasa lina watoto 60, na kusahihisha insha moja vizuri huchukua dakika 5. Hizo ni dakika 300, yaani saa 5, kwa insha moja ya darasa moja. Na mwalimu ana madarasa matatu au manne. Kwa hiyo insha huandikwa mara chache katika muhula, na mtoto hujionea heri kukariri iliyokwisha kusifiwa.

Tena kuna kile kibao ambacho mtoto huvishwa akisikika akisema lugha ya mama, akakaa nacho mpaka amnase mwenziwe. Wengi wetu tulikivaa, na wengine wetu, kwa aibu yetu, tuliwavisha wengine. Hatujaona mtoto aliyejifunza kusoma kwa kibao. Tuliona watoto walionyamaza. Na mtoto anyamazaye hawezi kumwambia mwalimu kwamba hakuelewa.

Baada ya kuyaona hayo tulijaribu jambo dogo. Tuliomba ukumbi wa Chama, tukawaita watoto wa karo kila juma wakati wa likizo. Tulikuwa tumepanga Jumamosi, mpaka mama mmoja akatukumbusha kwa upole kwamba nusu ya watoto ni Waadventista na siku hiyo wako kanisani. Basi ikawa Jumapili alasiri, Wakatoliki wakisha kutoka Misa.

Hatukuanza na sarufi. Tulianza na karatasi zilizomo majumbani: karatasi ya kupimia majani ya chai, fomu ya mkopo ya chama cha akiba, maagizo ya dawa ya ng'ombe, tangazo la mirathi. Kila mtoto alisoma kimya kwanza, kisha akafunika karatasi na kutueleza kwa lugha yoyote aitakayo, Ekegusii, Kiswahili au Kiingereza, ni nani anasema, anataka nini, na kabla ya siku gani. Jumapili ya kwanza ilikuwa ya huzuni. Wapo waliolia. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alituambia kwamba hajawahi kuulizwa neno lolote juu ya kitu alichokisoma ila "nukta inakaa wapi".

Kisha tukaenda kwenye vitabu vya mtihani. Katika vitabu hivyo imo tamthilia ya Mnorwei Henrik Ibsen, A Doll's House, iliyotoka mwaka 1879. Watoto walikuwa na vitabu vya mwongozo, wakaweza kututajia sifa nane za Nora kwa mpango. Tulipouliza kama Nora alitenda vema, wote walitazama chini. Basi tukawagawia sehemu, wakaisoma kwa zamu kama watu wanaosemezana, tukisimama kila walipopotea. Walipofika mahali ambapo inajulikana kwamba Nora aliighushi sahihi ya baba yake ili apate mkopo, kwa sababu mwanamke hakuweza kukopa pasipo idhini ya mume, ukumbi ulichafuka. Mvulana mmoja akasema huo ni wizi. Msichana akamjibu kwamba mama yake mwenyewe anachuma majani ya chai katika shamba lenye nambari ya mume, na fedha ya ziada ya mwaka huingia kwa mume. Walibishana mpaka taa zikawashwa. Tukawaambia, "Haya mliyoyasema, yaandikeni. Mistari minane tu." Hakuna aliyeandika juu ya jua linalochomoza.

Mistari minane ilitusaidia sana. Wenyewe walibadilishana madaftari, kila mmoja akamtafutia mwenziwe kosa la namna moja tu, juma hili nyakati za vitenzi, juma lijalo he na she. Sisi tulisoma ili kujua kama jambo limeeleweka. Kisha mtoto akaandika mara ya pili. Mwalimu mwenye watoto 60 aweza kufanya hivyo pasipo kukesha, na mmoja wetu aliye kazini amekwisha kuanza shuleni kwake.

Hatujui bado kama alama zao zitapanda, wala hatutaki kuwaahidi wazee tusilolijua. Tuliloona ni kwamba yule kijana wa barua ya shamba huja kila Jumapili, huketi mbele, na anaposoma sasa husimama katikati ya sentensi na kuuliza. Sauti yake si nzuri kama zamani.

Sasa twaleta ombi. Fedha yote ya elimu ya Chama hulipa karo, na zawadi za siku ya wazazi. Twaomba zile za zawadi, vikombe na vyeti vya fremu, zinunue vitabu vya hadithi vyepesi vya Kiingereza na vya Kiswahili, pamoja na kabati lenye kufuli. Mzee mmoja wa Halmashauri alitupinga, naye ni mtu tunayemheshimu. Alisema kwamba mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa karo hana haja ya kitabu cha hadithi. Neno lake ni kweli, ndiyo sababu hatukugusa karo. Lakini tulimwuliza, na twawauliza ninyi nyote: ikiwa tumemlipia mtoto miaka minne akatoka asiweze kutusomea barua, tumelipia nini?

Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na watoto wa mtaala mpya walikwisha kuanza Sekondari ya Chini Januari mwaka huo huo. Mitihani itabadilika majina. Hatutaki Chama kingoje mpaka mambo hayo yatulie.

Tena twawaomba wazee na akina mama jambo lisilo na gharama. Mtoto anapokusomea karatasi, usimsifu kwa sauti. Mwambie aifunike, akueleze kwa Ekegusii. Akishindwa, usimchape wala usimcheke. Mwambie asome tena, nawe ukae naye.

Ukumbi utafunguliwa Jumapili ya kwanza ya likizo ijayo, saa nane mchana. Wenye vitabu vya zamani majumbani, hata visivyo na jalada, wampe Katibu kabla ya siku hiyo. Na yeyote aliyepokea barua ya Kiingereza asiyoielewa na aje nayo; watoto wana haja ya kazi ya kweli.