Aliyemjua Baba Yako

Hotuba iliyosomwa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi, Mwanza, katika maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika



Katika Kitabu cha Pili cha Samweli imo habari ya Mefiboshethi, aliyekuwa mtoto wa miaka mitano habari za kifo cha baba yake Yonathani zilipofika. Yaya alimchukua akakimbia, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Baadaye akaitwa Yerusalemu na mfalme aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake. Wahubiri hupenda kukaa juu ya ukarimu wa Daudi na meza yake, na si vibaya. Lakini ni nadra kuulizwa: pale mezani, aliambiwa nini juu ya baba ambaye yamkini hakumkumbuka? Maandiko yamenyamaza.

Katika upande wa pili wa ziwa hili hili, swali kama hilo lilipata jibu refu. Mwaka 1988 kijana wa Kimarekani aitwaye Barack Obama, kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Harvard kusomea sheria, alisafiri kwenda Kenya. Dunia ilikuwa bado haijamjua. Baba yake, Mjaluo wa Alego, alikwenda Hawaii kwa masomo mwaka 1959, akaoa huko, kisha akaondoka mtoto angali mchanga sana. Walionana tena mara moja tu, mwaka 1971, mtoto akiwa na umri wa miaka kumi. Mwaka 1982 baba alifariki Nairobi katika ajali ya gari. Mwana hakuwa na cha kushika ila masimulizi ya mama na wazazi wa mama, na hayo yalikuwa masimulizi ya sifa: mtu mwenye akili, mwenye sauti ya kuvutia, asiyeogopa mtu.

Ushahidi wa kwanza nchini Kenya aliupata mahali asipoutazamia. Mizigo yake ilikuwa imepotea katika uwanja wa ndege wa Nairobi, na mwanamke wa shirika la ndege aliyekuwa akimsaidia kujaza fomu alisoma jina lake, akamwuliza kama ana undugu na Daktari Obama. Familia yake ilikuwa imemfahamu marehemu, naye aliyakumbuka matembezi yake nyumbani kwao alipokuwa mtoto. Huko Marekani jina hilo watu walikuwa wakilitamka kwa shida. Hapa mtu asiyemjua alilitambua kwa kulisoma tu. Anayeishi kwao hawezi kuujua uzito wa jambo hilo.

Hata hivyo si kila shahidi huja na neno tamu. Dada yake Auma, aliyelelewa na baba huyo na kusomea Ujerumani, alikuwa amekwisha kumweleza sehemu iliyokosekana: kwamba baba yao aligombana na wakubwa serikalini, akapoteza kazi, akanywa pombe kupita kiasi, na nyumba ikaonja umaskini. Kwa kijana aliyelelewa juu ya sifa, maneno hayo yalikuwa kama kuondolewa kiti huku umekikalia. Lakini bila hayo asingalikuwa na baba. Angalikuwa na sanamu.

Hapa washarika wavumiliwe wakiguswa kidogo. Katika ofisi za sharika za mwambao huu hufika, mara kwa mara, mgeni mwenye picha moja iliyofifia: mtoto wa mmisionari, au wa muuguzi, au wa mwinjilisti aliyehamia mbali. Huandaliwa chai, huimbiwa na kwaya, huambiwa kwamba mzazi wake alikuwa mtu mwema sana. Kisha huondoka, naye hajui zaidi ya alivyokuja navyo. Wazee wanaolikumbuka jambo hukaa kimya kwa heshima. Heshima hiyo ina gharama, na anayeilipa ni mgeni.

Mama Sarah Obama hakunyamaza. Yeye hakuwa bibi wa damu. Alikuwa mke wa babu, Hussein Onyango, na ndiye aliyemlea baba. Kijana alipanda treni ya usiku toka Nairobi hadi Kisumu, kisha akaenda Kogelo. Chini ya mwembe bibi alisimulia kwa Kijaluo, Auma akifasiri. Alieleza ukali wa Onyango, jinsi bibi wa damu, Akumu, alivyotoroka, na jinsi watoto wake wawili walivyojaribu kumfuata kwa miguu, siku nyingi njiani. Mzee wa nyumba hakufichiwa ukali wake kwa sababu tu mjukuu alikuwa ametoka mbali.

Kisha zikaletwa karatasi. Kwanza, daftari la Onyango la mtumishi wa nyumbani, ambamo waajiri Wazungu waliandika maoni yao: huyu akamsifu, yule akasema hastahili shilingi 60 kwa mwezi. Pili, nakala za barua zaidi ya thelathini ambazo baba aliwaandikia wakuu wa vyuo vya Marekani, akiomba nafasi. Zilikuwa zimehifadhiwa vijijini kwa takriban miaka thelathini. Ni ofisi ngapi za sharika ziwezazo kusema hivyo juu ya barua zake?

Uani palikuwa na makaburi mawili. La babu lilikuwa na jina. La baba lilifunikwa vigae, na mahali pa jina palikuwa patupu, miaka sita baada ya mazishi. Kijana aliketi kati ya hayo mawili, akalia.

Aliyoyasikia aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1995, mazuri na mabaya pamoja. Alirudi Kogelo mwaka 2006 akiwa seneta, na tena mwaka 2018 akiwa rais mstaafu, naye bibi akampokea. Mama Sarah alifariki huko Kisumu tarehe 29 Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 99. Masimulizi yake ya chini ya mwembe yalikuwa yamekwisha kuwa kwenye karatasi kwa miaka 26.