Lile Swali la Mwisho Kwenye Intavyu



Nyinyi wa hapa 46 mnaijua Januari. Watu bahasha za kaki kwapani, wanagonga geti baada ya geti za shule za praiveti, kuanzia Congo hadi Gatina. Nami nilikuwa mmoja wao.

Ushafundisha somo la majaribio Gredi 4, makaratasi yameangaliwa, namba ya TSC iko sawa. Ndipo mkuu anashusha sauti: "Na hiyo hijabu, utakuwa unaitoa ukiingia darasani?" Kijana wa kiume ataulizwa Ijumaa saa saba atakuwa wapi. Mimi niliulizwa, nikacheka kwa aibu, nikaambiwa nitapigiwa simu. Sijapigiwa mpaka leo, na sikuandika chochote.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa dini na wa mavazi, na kinambana mtu binafsi pia, si serikali peke yake. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda hata anayeomba kazi. Na hapa sikizeni vizuri: kesi ikifika kortini, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua.

Wengine hunitajia ile kesi ya Isiolo, Mahakama ya Juu, Januari 2019, eti hijabu ilishindwa. Ile ilikuwa ya wanafunzi na sare, na ilianguka kwa sababu ya utaratibu wa kuwasilisha madai. Haikumgusa mwalimu anayetafuta kazi.

Lakini tusidanganyane, si kila kukataliwa ni ubaguzi. Wengine wetu tunafika saa nne kwa intavyu ya saa mbili, na TSC hatujajisajili. Sheria haimruhusu asiyesajiliwa kufundisha, basi.

Ukiulizwa, jibu kwa upole: "Hapana, nafundisha nayo." Ukitoka getini, kabla hujapanda matatu, toa simu uandike: tarehe, saa, nani walikuwa chumbani, na swali lenyewe kwa maneno yao. Wakikukataa, tuma ujumbe wa heshima uulize sababu. Wakijibu, hifadhi. Wakinyamaza, hifadhi ulichotuma. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa hupokea malalamiko bila malipo.

Kama hujui pa kuanzia, njoo Jumamosi baada ya Asri tuandike barua pamoja. Simu iwe na chaji.