Yalishe Maji, Nayo Yatalisha Samaki
(Mazungumzo kutoka Horohoro, Mkoa wa Tanga)

Leo niko Horohoro, wilaya ya Mkinga, mpakani na wenzetu wa Kenya. Nataka tuzungumze juu ya kurutubisha bwawa la samaki kwa samadi. Na nitaanza na kosa, maana kosa lenyewe nililifanya mimi.

Mzee mmoja wa hapa alichimba bwawa lake la mita 20 kwa 10, akapanda perege. Nilipomtembelea, nikaona maji meupe, samaki wamedumaa. Nikamwambia, “Mzee, ongeza samadi.” Basi, nikapanda baiskeli nikaenda zangu. Sikumwambia aongeze kiasi gani, wala aache lini.

Mzee akaongeza. Wiki ya kwanza maji yakawa kijani, samaki wakanenepa, akafurahi. Akaongeza tena, na tena. Zikaja siku mbili za mawingu mfululizo. Asubuhi ya siku ya tatu nikaitwa. Nikakuta perege wanaelea, matumbo juu, bwawa zima. Mzee akaniuliza kwa upole tu: “Mwanangu, si ulisema samadi ni chakula?”

Ndugu wasikilizaji, swali hilo ndilo nataka tulijibu leo.

Samadi si chakula cha samaki. Samadi ni chakula cha maji. Ndani yake mna naitrojeni na fosforasi, vile vile kama katika mbolea ya mahindi. Virutubisho hivyo huotesha majini vijimea vidogo mno, visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Vijimea hivyo ndivyo vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Vidudu vidogo vya majini hula vijimea, na perege hula vyote viwili. Kwa hiyo mkulima wa samaki ni mkulima wa majani kwanza. Shamba lake ni maji.

Sasa, mbona wale samaki walikufa? Sikilizeni vizuri. Mchana, penye jua, vijimea hutoa oksijeni, hewa ambayo samaki huivuta majini. Usiku mambo hugeuka. Vijimea navyo huivuta hewa hiyo hiyo, na samadi inayooza chini huitumia pia. Vijimea vikizidi, alfajiri hewa huwa imekwisha. Siku ya mawingu ni mbaya zaidi, kwa kuwa mchana hewa haikutengenezwa ya kutosha. Mzee wangu hakuwaua samaki kwa njaa. Aliwaua kwa shibe ya maji.

Je, tutajuaje kiasi? Chombo cha kupimia unacho tayari, nacho ni mkono wako.

Nenda bwawani jua likiwa limepanda, usiyatibue maji. Nyosha mkono, kunja kiganja kielekee mbele, kisha zamisha polepole ukikitazama kiganja.

Kwanza: maji yakifika kwenye kiwiko na bado unaviona vidole vyako sawasawa, maji yana njaa. Tia samadi.

Pili: kiganja kikipotea maji yakiwa kati ya nusu ya mkono na kiwiko, hapo ni sawa. Endelea na kiasi chako cha kila wiki.

Tatu: kiganja kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo tu cha mkono, acha kabisa. Usitie hata kiganja kimoja cha samadi mpaka maji yapungue ukijani.

Lakini angalia usidanganywe na tope. Teka maji kwenye glasi, yatazame. Kama ni ya kahawia, huo ni udongo, si vijimea. Udongo huzuia jua, na samadi utakayotia haitaotesha kitu. Kwanza chimba mfereji wa kuyaelekeza pembeni maji ya mvua yanayoteremka na udongo, kisha ndiyo urutubishe.

Na kiasi chenyewe? Kwa kila mita 100 za mraba, samadi ya ng'ombe kilo 10 hivi kwa wiki yatosha kuanzia. Mbolea ya kuku ni kali zaidi, tumia nusu yake. Basi bwawa la mzee wetu, lenye mita 200 za mraba, lilitaka kilo 20 tu za samadi ya ng'ombe kwa wiki. Kama huna mizani nyumbani, pima debe lako mara moja dukani, utie alama, yaishe. Anza kurutubisha wiki moja au mbili kabla ya kupanda vifaranga, ili wakute chakula tayari.

Usitupe samadi katikati ya bwawa. Jenga uzio wa fito kwenye pembe moja, samadi ikae humo, uikoroge mara kwa mara. Faida yake ni hii: siku ya hatari unaweza kuitoa. Iliyotawanyika huitoi tena. Na samadi ya ng'ombe waliotoka kuogeshwa dawa ya kupe usiitie kabisa, kwani baadhi ya dawa hizo ni sumu kali kwa samaki.

Jambo jingine ni maji yanayopita. Wengine huacha maji yaingie huku na kutoka kule mchana kutwa. Hapo unalisha mto wa jirani, kwa kuwa virutubisho vyote vinakwenda na maji. Ingiza ya kufidia tu yaliyokauka au kunywewa na ardhi.

Dalili ya hatari ni moja: alfajiri samaki wako juu, wanapanua midomo na kuhema. Ukiona hivyo, usiwape chakula. Toa samadi iliyo kwenye uzio, ingiza maji mapya kama yapo. Kama hayapo, waite vijana na ndoo, wateke maji ya bwawa na kuyamwaga kwa nguvu kutoka juu, mpaka jua lishike.

Ndugu zangu, kufuga samaki mabwawani hakukuanza jana katika nchi yetu. Majaribio yalianza mwaka 1949, na Korogwe, humu humu mkoani Tanga, palikuwa mahali pamojawapo. Miaka iliyofuata mabwawa mengi yalichimbwa nchini, lakini mengi hayakuleta kitu kwa kukosa matunzo. Kuchimba ni kazi ya majuma machache. Kuyatunza maji ni kazi ya kila asubuhi.

Mzee wetu alipanda tena. Safari hii sikumwachia neno, nilimwachia kipimo. Juzi nilipofika nilimkuta kapiga magoti ukingoni, mkono ndani ya maji. Akaniambia, “Leo hawali, mwanangu. Wameshiba.” Alikuwa anasema maji.

Nami nasema, na wewe kesho piga magoti bwawani kwako. Kwaherini, mpaka wiki ijayo.