Mteja wa Kwanza Hakutoka Kwetu
(Maneno ya vijana wawili wapima maji kwenye chakula cha hisani cha mwaka)



Kamati imetuomba tuwaeleze vijana namna ya kuanzisha kazi ya ushauri wa kitaalamu ya kujitegemea. Sisi ni wawili, mmoja mhandisi wa maji na mwingine mjiolojia. Kazi yetu ni kumwambia mtu, kabla hajachimba kisima, kama chini kuna maji, yako kina gani, na kama yatanyweka. Wengi wenu mnatuita "wale vijana wa visima", ingawa hatuna mtambo wa kuchimba hata mmoja. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mchimbaji akiondoka anaacha shimo, kila mtu analiona. Sisi tukiondoka tunaacha karatasi.

Tulikuwa waajiriwa. Mradi ulipoisha na mikataba ikaisha, tukajikuta Dar es Salaam na akiba ya miezi mitano. Tukafanya kama wanavyofanya wengi: tukapanga chumba cha ofisi, tukatundika kibao, tukachapisha kadi 500. Miezi miwili ikapita bila mtu kupiga hodi, isipokuwa muuza karanga. Kadi nyingine tunazo mpaka leo, watoto wanachorea nyuma yake.

Ofisi tukairudisha kwa mwenyewe. Tukakaa na daftari tukaandika majina ya watu waliowahi kuiona kazi yetu kwa macho. Si wanaotupenda, maana hao hawakuwa wameiona. Yalitoka majina 41, mengi ya mafundi bomba, madereva na wauza pampu. Tukawapigia simu mmoja mmoja, na hatukuomba kazi. Tuliuliza tu: "Unamjua nani anayetaka kuchimba kisima mwaka huu?" Mtu akiombwa kazi hujikunja, akiulizwa habari anafunguka.

Fundi bomba mmoja wa Mbagala ndiye aliyetupeleka kwa mwenye shule upande wa Kisarawe. Yule bwana alikuwa ameshachimba mara moja, akapata shimo kavu na hasara ya mamilioni. Hakuhitaji kuelezwa faida ya kupima, alikuwa ameshailipia. Tangu siku hiyo hatuhangaiki na mtu ambaye hajawahi kuumia. Tunamtafuta aliyekwisha kuumwa na nyoka.

Alipouliza bei tukaogopa, tukataja laki tatu. Kukodi kipimo na usafiri peke yake vilizidi hapo, kwa hiyo mteja wetu wa kwanza tulimlipia sisi. Lakini tulimwandikia ripoti ya kurasa sita kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mchoro wa kiwanja chake wenye alama mahali pa kuchimba. Ripoti ile akawaonyesha wenzake wawili wenye shule. Kufika mteja wa tatu bei ilikuwa laki nane, na nusu yake tunaipokea kabla ya kupakia vifaa kwenye gari.

Hiyo nusu tulifundishwa na taasisi moja, ambayo hatutaitaja. Tuliwafanyia kazi kwa maneno ya mdomo, kwa sababu ni watu wakubwa na tuliona aibu kudai mkataba. Kisima wamechimba, maji yanatoka, na barua zetu za kudai zimefikisha miezi kumi na moja.

Kuna mwingine mwenye kiwanja karibu na bahari. Tulipima tukamwambia ukweli: maji baridi yako juu na ni kidogo, ukienda chini utakuta chumvi, usichimbe kirefu. Alikasirika, akasema amelipa ili aambiwe achimbe wapi. Salio alilitoa kwa shingo upande. Baada ya miezi minne akamtuma shemeji yake kwetu. Tukihesabu vizuri, neno "usichimbe" limetuletea wateja wengi kuliko neno "chimba".

Mambo ya makaratasi tutayapitia haraka. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi inatolewa na TRA, kisha leseni. Wahandisi wana Bodi yao ya Usajili, na fani nyingine nyingi vilevile. Anza huko kabla ya kuweka sahihi kwenye kazi ya mtu. Ukifanya kazi na kampuni, itakukata asilimia 5 ya ada kama kodi ya zuio. Dai cheti chake, kwa sababu ile ni kodi yako imetangulia. Tenda za serikali zinatangazwa kwenye mfumo wa NeST, na sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Ni jambo jema, ila usilitegemee kwa mteja wa kwanza. Kodi ya nyumba haisubiri tenda.

Sasa la nyumbani, na wazee mtatuvumilia.

Mwaka wetu wa kwanza tulipata maombi 14 kutoka Mwanga na Same. Yote yalikuwa "njooni mwangalie tu". Tulikwenda, kwa sababu ni kwetu. Nauli yetu, kipimo cha kukodi kwa gharama yetu. Hakuna hata moja lililolipwa, na mwezi wa tisa mke wa mmoja wetu aliuza cherehani yake ili watoto wasirudishwe shule. Hatusemi ili tuonewe huruma. Tunasema kwa sababu katika ukumbi huu wamo mhasibu, mpima ardhi na mwanasheria kijana ambao hivi sasa wanaambiwa "njoo uangalie tu". Msaragambo sote tunaujua: kila nyumba inatoa jembe lake, siku moja. Hajawahi kuitwa mtu mmoja alime, wengine wamtazame.

Kamati ilipotuita mwaka jana kukagua ndiva itakayokarabatiwa, tulileta ankara ya shilingi 2,400,000. Kikao kilinyamaza. Mzee mmoja akauliza, "Yaani mnatutoza sisi?" Tukamjibu: "Mzee, 900,000 ni vifaa, usafiri na vibarua, hizo tunaomba tulipwe. Hizi 1,500,000 ni jasho letu, ziandikeni kwenye daftari la michango kama mnavyoandika mifuko ya saruji." Mzee akasema basi iandikwe, na ikaandikwa. Sasa mhazini anajua gharama halisi ya mradi, na kijana atakayefuata atakuta bei mezani.

Ukaguzi ulionyesha kuwa ukuta uliotaka kubomolewa bado ni mzima. Tope limejaa zaidi ya nusu ya bwawa, na kinachovuja ni mlango wa kutolea maji. Ndiyo maana lengo la harambee ya leo ni dogo kuliko lililotangazwa mwaka jana.

Wenye kampuni na maduka, hatuwaombi mumpe mtu kazi kwa sababu ni wa kwetu. Mwiteni ataje bei pamoja na wengine. Akishindwa, mwambieni ameshindwa wapi.

Na vijana, mhazini ameandaa daftari la wataalamu wetu. Usiandike shahada yako. Andika shida unayoondoa: "natengeneza hesabu za duka za kupeleka TRA", "napima viwanja na kufuatilia hati". Daftari liko pale karibu na mlango. Majina yetu tumeshayaandika, na bei zetu pia.