Ajali za Majini na Neno "Kudra"

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanajumuiya na majirani, Kituntu, Karagwe)





Huenda baadhi yenu mmestaajabu kwamba sisi watu wa milimani, tusioliona Ziwa Viktoria tukiwa majumbani mwetu, tumechagua kuzungumzia meli. Hata hivyo wenye umri mkubwa hapa mbele hawakustaajabu. Wao wanakumbuka kwamba zamani barabara ya kwenda Mwanza kupitia Biharamulo ilikuwa ya mateso. Mtu wa Karagwe mwenye safari ya Mwanza, awe mwanafunzi, mgonjwa aliyeandikiwa Bugando au mfanyabiashara wa ndizi, aliteremka Bukoba akapanda meli. Kwa hiyo meli ilipozama mwaka 1996, msiba haukuishia ufukweni. Ulipanda hata kwenye vilima hivi.

Tarehe 20 Mei 1996 meli ya Mv. Bukoba, mali ya Shirika la Reli Tanzania, iliondoka bandari ya Bukoba, ikapitia Kemondo kuongeza abiria na mizigo, kisha ikakata ziwa usiku kuelekea Mwanza. Asubuhi ya Jumanne tarehe 21, wengine wakiwa wameanza kufunga mizigo yao tayari kwa kushuka, ililala upande na kupinduka. Meli hiyo ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 800, na wapo wanaosema walifika 1,000. Walionusurika walikuwa zaidi kidogo ya mia moja. Rais wa wakati ule, marehemu Benjamin Mkapa, alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa, na wengi katika waliopatikana wamezikwa Igoma, Mwanza.

Tafadhali tulitazame hilo kwa utulivu: kwa nini tunasema "zaidi ya 800" na "wapo wanaosema 1,000"? Kati ya hesabu hizo mbili kuna watu karibu mia mbili, sawa na watu wa kitongoji kizima. Sababu ni kwamba abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa majina, na wa daraja la tatu hawakuandikwa. Maskini alilipa nauli, akapanda, akafa, na hakuna karatasi iliyosema kwamba alikuwamo.

Sasa sisi Waislamu tunajua uzito wa jambo hili kuliko mwandishi wa gazeti. Mwanamke aliyefiwa na mumewe ana eda ya miezi minne na siku kumi. Ataihesabu kuanzia siku gani, ikiwa mumewe aliaga kwamba anakwenda Mwanza, maiti haikupatikana, na jina halimo katika orodha? Warithi watagawa vipi shamba la kahawa na migomba, wakati sheria ya mirathi inataka kwanza mauti yathibitike? Kadhi na hakimu wote wawili watamwuliza shahidi: ulimwona akipanda? Na aliyemwona akipanda huenda naye yumo ndani ya ziwa. Hivyo uvivu wa karani mmoja pale bandarini huwafuata mayatima kwa miaka mingi, katika mahakama, katika ukoo na katika nyoyo zao. Orodha ya abiria ni amana, kama ilivyo amana hati ya deni.

Tuje katika sababu za meli kupinduka. Kila aliyewahi kuvuka Mto Kagera kwa mtumbwi amesikia mwenye kasia akifoka: "Kaeni chini!" Hajasomea uhandisi, lakini amesema kanuni yote. Chombo kikiwa na uzito chini hutikiswa na wimbi kisha hurudi. Kikiwa na uzito juu hutikiswa na hakirudi. Ndiyo maana meli hujengwa na matangi chini ambayo hujazwa maji ili kuipa uzito wa kitakoni, na ndiyo maana mizigo mizito hupangwa chini na kufungwa isiteleze. Mv. Bukoba ilikuwa na sifa mbaya ya kuyumba kabla ya siku ile. Chombo cha namna hiyo kilihitaji kupakiwa kwa hesabu kali zaidi kuliko vingine. Kinyume chake kilijazwa watu kupita nafasi zake, na watu wenyewe, kama ilivyo desturi, walikaa popote penye upenyo. Baada ya ajali maofisa wa shirika pamoja na nahodha walifikishwa mahakamani.

Lakini kuna sehemu moja ya habari hii ambayo hatuwezi kuipita haraka. Meli ilipopinduka haikuzama yote mara moja. Ilielea kichwa chini, kitako chake kikiwa juu ya maji, kwa sababu ndani mlikuwa na hewa iliyonaswa. Ndani ya hewa hiyo walikuwamo watu hai. Waokoaji waliwasikia wakigonga bati. Tujiweke mahali pa watu wale waliosimama juu ya chuma, wakisikia mkono wa binadamu ukigonga chini ya nyayo zao. Wakaamua kukata tundu ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa nguvu, maji yakapanda kutoka chini kushika nafasi yake, na meli ikashuka ziwani pamoja na waliokuwa wakigonga.

Jambo lenyewe si gumu kulifahamu. Mtoto anayechota maji kisimani anajua kwamba kata ikifudikizwa juu ya maji na kusukumwa chini, hukataa kuzama kwa sababu ya hewa iliyomo. Toboa kata hiyo juu, uone. Waliokata bati lile hawakuwa waovu. Walikuwa na huruma na haraka. Walichokosa ni mafunzo, zana, na mtu mmoja mwenye ujuzi na mamlaka wa kusema: ngojeni, kwanza tuifunge meli kwa minyororo kwenye vyombo vingine, tulete wazamiaji wapite chini. Wazamiaji walikuja kutoka Afrika Kusini baada ya siku kadhaa, na kazi yao ikawa kutoa maiti.

Mnaufahamu ule mfano mashuhuri wa Mtume Muhammad (s.a.w.) wa watu waliogawana nafasi ndani ya jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini walichoka kupanda juu kuchota maji, wakaona ni afadhali watoboe tundu katika sehemu yao, wasiwasumbue wenzao. Nao hawakuwa na nia mbaya! Mfano unatufundisha kwamba wa juu wakiwaacha, wote wataangamia, na wakiwashika mikono, wote wataokoka. Kwa kawaida tunausoma mfano huu kuhusu maasi ya jamii, na ni sawa kufanya hivyo. Lakini tunaona pia una maana yake ya wazi kabisa, ya mbao na maji: kwamba ndani ya chombo hakuna kosa la mtu binafsi, na kwamba mwenye kuona ana wajibu wa kushika mkono wa asiyeona.

Je, mkono ulishikwa baada ya 1996? Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Mv. Spice Islander I ilizama usiku karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Chombo chenye nafasi ya watu wapatao 600 kilibeba zaidi ya 2,000. Hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa watu kama 200. Tume ilipomaliza kazi yake, waliokufa na waliopotea walitajwa kuwa 1,573. Angalieni tofauti hiyo. Ni ugonjwa ule ule wa watu wasioandikwa.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya soko, kivuko cha Mv. Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, wilayani Ukerewe. Nafasi zake zilikuwa 101. Waliokufa walizidi 220. Abiria walikuwa tayari wameuona ufukwe, na husemwa kwamba walielemea upande mmoja kwa pupa ya kushuka. Mkata tiketi alikufa pamoja nao, na mashine yake ya kuhesabia tiketi ikapotea majini, hata haikuweza kujulikana mara moja ni wangapi walikuwamo. Nakala ya hesabu ilipaswa kubaki nchi kavu! Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai. Alikuwa amekaa katika nafasi yenye hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Kwa neema hii tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na wazamiaji tunawapa heshima yao. Lakini pia ni ushahidi unaouma, kwa kuwa unatuonyesha kwamba waliokuwa wakigonga bati mwaka 1996 wangeweza kungojewa.

Na miezi miwili tu baadaye, tarehe 24 Novemba 2018, ng'ambo ya pili ya ziwa hili hili, huko Mukono, Uganda, boti ya starehe iitwayo Mv. Templar ilizama na watu waliokwenda kutembea na kufurahi Jumamosi yao. Boti ya kuchukua watu kama 50 ilibeba wanaokaribia mia au zaidi. Ilikuwa mbovu, na haikuwa na kibali cha kusafiri. Watu zaidi ya 30 walifariki, na mwenye boti mwenyewe akawa miongoni mwao. Wapo waliopewa maboya ya kuvaa wakayakataa, pengine kwa kuona yanaharibu mavazi ya sherehe.

Tusidhani kwamba haya ni maradhi ya umaskini peke yake. Korea ya Kusini ni nchi tajiri, inayowajengea wengine meli. Tarehe 16 Aprili 2014 meli yake iitwayo Sewol ilipinduka ikiwa na wanafunzi waliokuwa katika ziara ya shule. Watu 304 walikufa. Ilibainika kwamba meli iliongezewa vyumba juu, ikapakiwa mizigo kupita kiasi isiyofungwa vema, na maji ya uzani yakapunguzwa chini ili ionekane haijazidi. Walifanya hivyo kwa ajili ya fedha. Nahodha alijiokoa mapema, watoto wakiwa wameamriwa wabaki vyumbani.

Basi tufike kwenye neno lenyewe. Kila baada ya ajali husikika watu wakisema: "Ni kudra ya Mwenyezi Mungu." Neno ni la kweli. Hakuna jani linaloanguka nje ya elimu yake. Mfiwa akilitamka kwa subira, ni ibada. Lakini likitamkwa na mwenye chombo aliyeuza tiketi mara mbili ya nafasi, neno lile lile linakuwa kificho. Dini yetu haikumwachia mtu mlango huo. Sheria imemwekea mwenye kuua bila kukusudia dia kwa wafiwa na kafara kwa Mola wake. Maana yake nini? Maana yake "sikukusudia" hakumalizi shauri. Na Nabii Nuhu (a.s.), aliyekuwa na ahadi ya Mungu ya kuokolewa, aliamriwa hata hivyo aunde jahazi, na akaliunda kwa maelekezo, ubao juu ya ubao. Ahadi haikumwondolea kazi ya seremala.

Wala lawama isiwaishie wakubwa. Sisi abiria tunamhonga karani wa mlangoni ili atupenyeze. Tunasafiri kwa tikiti ya jina la mtu mwingine. Tunawapandisha watoto bila kuandikwa kwa kuwa "wanapakatwa". Mzigo uliokatazwa tunaupitisha ubavuni. Kisha chombo kikianza kulala upande, tunaomba dua.

Jambo la uokoaji tulitaje kwa ufupi, maana mnalikumbuka. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, walikufa 19. Waliowahi kufika ni wavuvi kwa mitumbwi na makasia yao. Miaka 26 baada ya Mv. Bukoba, katika mji ule ule uliotoa abiria wa 1996, tegemeo la kwanza lilikuwa bado ni ujasiri wa mvuvi. Allah awalipe wavuvi wale. Vijana wetu wanaopenda kujiunga na vikosi vya zimamoto na uokoaji, au kujifunza kuogelea na kuzamia, wasikatishwe tamaa na wazazi kwa kuambiwa kwamba mtu wa Karagwe hana haja na maji.

Siku hizi barabara ni nzuri na wengi huenda Mwanza kwa basi, lakini safari za meli zimerejea na wengine wetu tutazipanda. Basi atakayesafiri aandikishe jina lake kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho, pamoja na jina la kila mtoto aliye naye, hata anayenyonya. Akifika ndani aulize maboya yako wapi kabla ya kutafuta mahali pa kulala. Akiona watu wamezidi, ashuke, hata kama nauli haitarudishwa. Na kabla ya kuondoka nyumbani amwachie mmoja wetu hapa msikitini jina la chombo, siku na saa ya safari. Daftari limekwisha nunuliwa. Liko kwa katibu.